Aliyeniita Yaya

Jumatatu, 6 Oktoba

Zamu ya asubuhi tena kwenye nyumba ya wazee. Mzee wa chumba cha mwisho alikataa kuoga, nikamwimbia pambio la Kikisii, akaoga. Haelewi neno hata moja. Hata hivyo anaitikia.

Nimerudi nyumbani Husby miguu ikiwaka moto. Ugali na sukuma. Baba Moraa yuko kwenye basi lake hadi saa nne, kwa hiyo nimekula na televisheni.

Halafu Moraa akapiga simu. Katikati ya habari za mafua yake akasema anaolewa. Hivyo tu. Espoir amemwomba, naye amekubali. Nilipiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Nampenda yule kijana. Anakula chakula changu bila kuuliza kimepikwa na nini, na binti yangu akizungumza yeye humsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hata mimi mamake sijaliweza.

Mamake sijakutana naye. Anaitwa Mama Nsimire, Mkongo wa Bukavu, mjane, anaishi Rågsved, upande mwingine wa Stockholm. Moraa amempa namba yangu. Nangoja.

Nimeshaanza kufikiria kitambaa cha gauni. Mungu ni mwema.

Jumatano, 8 Oktoba

Ameleta ujumbe wa sauti. Niliusikiliza nikiwa kwenye chumba cha mapumziko kazini, kahawa mkononi. Sauti nzuri, ya mtu aliyezoea kuimba kwaya.

"Yaya, jambo. Ni miye mama ya Espoir. Niko na furaha mingi, yaya. Utakuya lini kwangu tukule pamoja? Ni vile tu, yaya."

Yaya. Mara tatu kwa pumzi moja.

Nikadhani ni masikio. Nikasikiliza tena. Si masikio.

Kwetu Kenya yaya ni msichana wa kazi, yule anayelea watoto wa wenyewe. Sijui maana nyingine. Na mimi nilikuwa yaya. Nairobi, nyumba kubwa yenye geti jeusi, kabla ya Baba Moraa, kabla ya baridi hii. Watoto waliniita yaya, mama yao akaniita yaya, mtunza bustani akaniita yaya. Siku moja askari wa getini alimuuliza mwenye nyumba jina langu. Hakulijua. Nilikuwa nimembeba mwanawe mgongoni.

Huyu mama amejuaje? Stockholm nzima wanaojua ni wawili. Baba Moraa hajawahi kuzungumza naye. Basi ni Moraa. Binti yangu amekaa kwenye kochi la watu Rågsved akawapa historia yangu, nao wameichukua wameifanya jina.

Sijajibu. Kahawa nimemwaga.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ametuma picha ya maua ya waridi yenye kumetameta. Chini ameandika: Siku njema yaya.

Nimeunguza wali.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani sikusikia mahubiri. Pasta alikuwa anazungumzia msamaha. Nilimwona tu mdomo ukienda.

Baada ya ibada Moraa akasema Mama Nsimire anatualika nyumbani kwake Jumamosi. Atapika. Nikasema hapana. Siendi Rågsved kuketi jikoni kwa mtu anayeniita yaya. Leo ataniita, kesho atanionyesha zilipo sahani chafu.

Nikasema tukutane mjini, kwenye ile hoteli ya nyama yenye matawi kila pembe ya nchi. Ile ya viti vya ngozi na visu kama mapanga. Moraa akanitolea macho. Akaniambia kwa Kiswidi kwamba ni ghali kupindukia kwa mahali ambapo watu huingia na suruali za jeans. Baba Moraa akakohoa. Nikasema nitalipa mimi.

Sababu yangu sikuwaambia. Nataka meza ambayo mtu mwenye aproni anainama kuniuliza mimi ninataka nini. Na Mama Nsimire awe ameketi mbele yangu, aone.

Ninajua huu ni ujinga. Nautaka hivyohivyo.

Jumanne, 14 Oktoba

Baba Moraa ameuliza kwa nini nagongagonga sufuria. Nikamwambia sufuria ni nzito. Akasema ni wasiwasi wa harusi, akaniletea chai, akarudi kwenye mpira wake.

Ningemwambia. Lakini kumwambia ni kulitamka lile neno kwa mdomo wangu, jikoni mwangu, na mimi niliapa kwamba halitaingia humu.

Ujumbe mwingine wa sauti. Anauliza kama ninapenda samaki wa kukauka. "Yaya, uniambiyeko tu." Ameanza kuniagiza sasa.

Nimejibu kwa mara ya kwanza. Nimeandika: Asante. Tutaonana Jumamosi. Bila hata alama ya mshangao.

Alhamisi, 16 Oktoba

Siku mbaya.

Moraa alipita baada ya kazi. Nikamuuliza kwa nini anatoa mambo yangu nje. Akauliza mambo gani. Nikasema anajua. Akasema hajui. Nikasema mtoto anayemvua mamake nguo mbele ya watu asishangae mama akikosa adabu. Akaanza kulia, na Moraa akilia Kiswahili chake hukauka chote, anabaki na Kiswidi tu. "Mamma, sluta." Acha, mama. Kwangu, ndani ya nyumba yangu.

Kisha akasema wameshapata siku ya Desemba, manispaa, ndoa ya serikali, baadaye kanisani. Anataka niwepo. Lakini kama nitakuja na uso huu ninaomwonyesha tangu wiki iliyopita, ni afadhali nisije.

Nikasema sawa.

Haki ya Mungu, nilisema sawa. Neno lilitoka lenyewe.

Ameondoka bila kubeba chakula. Nilikuwa nimemfungia chapati na maharagwe kwenye mkebe. Mkebe uko mezani. Ninaogopa. Nitakosa harusi ya mwanangu wa pekee kwa sababu ya neno moja, na siwezi hata kulisema.

Hasira hasara. Najua. Nimewafundisha watoto wa Sunday school methali hiyohiyo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimesukwa. Msusi alivuta sana, nikafurahi kuumia mahali pengine.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. "Mama Nsimire, jina langu ni Teresia." Hapo napumua. "Jina langu ni Teresia, na mimi si mtumishi wa mtu." Nitasema nyama ikishawekwa, wote wakiwa wameketi, asipatikane wa kukimbia. Kisha nitachukua koti langu. Ikibidi niondoke, niondoke nikiwa nimesukwa vizuri.

Jumamosi, 18 Oktoba

Saa nane mchana. Nimevaa lile gauni jekundu. Baba Moraa amefunga tai. Anasema nimekaa kama mtu anayekwenda mahakamani kutoa ushahidi. Nikamwambia afunge zipu yangu anyamaze.

Moraa hajapiga.

Jumapili, 19 Oktoba

Sijaenda kanisani. Mbavu zinauma. Niandike yote kwa mpangilio, nisiruke.

Tulifika kwanza. Meza ya pembeni, viti vya ngozi kweli, taa ya chini, harufu ya mafuta ya ng'ombe. Katika meza zingine watu wamevaa fulana za hoki ya barafu. Mimi na gauni jekundu hadi kwenye vifundo. Sikujali.

Moraa na Espoir wakaingia. Moraa akanisalimu kwa shavu moja, baridi. Espoir akanishika mkono kwa mikono yake miwili, macho chini. Maskini alijua kuna jambo, hakujua ni lipi.

Nyuma yao, Mama Nsimire. Kumbe ni mwembamba! Nilikuwa nimemchora mnene. Kitenge cha kijani na manjano, kilemba kimepanda mpaka kwenye taa. Alipofika katikati ya hoteli akafungua mikono yote miwili akaita kwa ile sauti ya kwaya: "Yaya! Yaya wangu!"

Fulana za hoki zote ziligeuka.

Akanikumbatia. Paji la uso kwa paji la uso, kushoto, kulia, kushoto. Nilisimama kama nguzo ya stima. Nyuma yake alikuja kakake, Mzee Mugisho, mwanamume wa kitambi cha heshima, suti ya vipande vitatu, ndevu nyeupe. Shemasi wa kanisa lao. Kwa Wakongo, mwenye kusema kwa niaba ya ukoo ndiye huyo. Akanisalimu polepole, kama mtu anayeweka kitu cha kuvunjika mezani.

Mhudumu akachuchumaa kando yangu, vile wanavyofanya siku hizi ili uone ni rafiki yako. Nilichokuwa nimekitamani wiki nzima, hicho hapo. Akaniuliza nyama yangu iive kiasi gani. Nikasema iive kabisa. Baba Moraa, kabisa. Mzee Mugisho, kabisa, na baada ya hapo warudie. Espoir, kabisa. Mama Nsimire, kabisa kabisa. Moraa akasema yeye anataka ya pinki katikati.

"Moraa!" Tulisema kwa pamoja, mimi na Mama Nsimire, sauti moja, jicho moja. Tukatazamana. Nusura nicheke. Nikajizuia, nikakumbuka mimi ni nani na nimekuja kufanya nini.

Kwenye meza ya saladi Mama Nsimire akanipokonya sahani. Akanijazia yeye. Nyanya, matango, viazi, na yale mahindi madogo. Akarudi akaniwekea mbele kabla ya kuweka ya kakake. Kumlisha yaya ili asilalamike, nikawaza. Nyama zikaja juu ya mbao, zinachemka, na viazi vilivyookwa ndani ya foili. Mama Nsimire akakata kipande cha kona, kile chenye mafuta, kizuri kupita vyote, akakiweka kwangu. Masalio, nikawaza. Kichwa changu jana kilikuwa duka la uchafu.

Nikaweka kisu chini. Nikavuta pumzi. "Mama Nsimire," nikaanza. Moraa akaniangalia. Aliona kwenye uso wangu kwamba linakuja. Akafumba macho.

Mama Nsimire akaninyanyulia kidole kimoja, kwa adabu, nisubiri kidogo tu. Akamgeukia yule mzee mwenye kitambi, suti, ndevu nyeupe, shemasi, msemaji wa ukoo. Akamwambia:

"Yaya, utuombeeko. Nyama itapola."

Mzee Mugisho akasimama, akavuta koti lake, akasema tufumbe macho.

Mimi sikufumba. Nilimtazama yule mzee. Nikajiuliza ni watoto wa nani aliowahi kuwabeba mgongoni na kitambi kile. Nikamwona na aproni. Nikamwona anasukuma kigari cha mtoto bustanini. Halafu kitu kikaanguka kichwani mwangu mahali pake, kwa kishindo. Hakuwa anamtukana. Hakuna mtu anayemtukana kakake mkubwa na kumwomba aombe kwa pumzi hiyohiyo.

Kicheko kikaanza tumboni. Nikakibana. Kikapanda. Mabega yakaanza kutikisika. Nikaweka kitambaa cha meza usoni, machozi yakaja, sauti ikatoka nyembamba kama ya kuku. Mzee Mugisho akasikia. Akadhani Roho ameshuka. Akaongeza sauti. Akaombea ukoo wangu, akaombea Kenya yote, akaombea tumbo la Moraa, akaombea mabasi ya Baba Moraa yasiteleze. Kila alipoongeza mimi nilizidi. Mama Nsimire akanishika mgongo akinipapasa, akisema Amina, Amina, yaya. Hapo ndipo nilipopiga kelele kabisa.

Nyama ikapoa. Mhudumu akapita akiuliza kama kila kitu kiko sawa, mzee bado anaomba.

Waliposema Amina ya mwisho nikauliza. Swali nililopaswa kuuliza tangu Jumatano ya kwanza. Kwenu yaya ni nani?

"Yaya ni mukubwa," Mama Nsimire akasema, akishangaa. "Ule anakutanguliya kuzaliwa. Mwanaume, mwanamuke, wote ni yaya. Ni heshima."

Baba Moraa, mdomo umejaa kiazi, akasema kwani sikujua? Pale gereji ya mabasi vijana wote wa Kikongo humwita yeye yaya. Kila siku. Miaka yote! Nikamuuliza kwa nini hajawahi kuniambia. Akaniuliza kwa nini sijawahi kumuuliza. "Kuuliza si ujinga, Mama Moraa." Nilitaka kumpiga na foili.

Nikawaambia basi. Yote. Nairobi, geti jeusi, askari aliyeuliza jina. Nilisema kwamba kwetu yaya ni mtumishi, na kwamba nilikuwa mtumishi, na kwamba nilidhani binti yangu ameniuza. Niliyasema mbele ya watu ninaokutana nao mara ya kwanza. Moraa akaweka mkono mdomoni. Espoir akaangalia meza.

Mama Nsimire hakucheka. Nilidhani atacheka. Alishika kiganja changu.

"Miye nilikuwa na yaya wangu, Nabintu," akasema. "Njo alinilea. Alinibeba mugongoni, alinifundisha kupika, alinichapa. Vita ilimubeba. Tangu pale sina mwanamuke wa kuita vile. Espoir akaniambiya, mama ya Moraa anakupita miaka. Nikasema merci Seigneur, aksanti Bwana, nimepata yaya." Kisha akanitazama vizuri, akafikiri. "Na kumbe ulikuwa unalea batoto. Basi uko yaya mara mbili."

Nililia. Safari hii kilio chenyewe. Yeye pia. Mzee Mugisho akataka kusimama aombe tena, dadake akamvuta koti akaketi.

Jambo moja tu lilinichoma kidogo. Kwamba aliambiwa umri wangu na akaridhika mara moja kwamba mimi ndiye mkubwa. Nimesukwa, nimejipaka, na bado. Nitamsamehe polepole.

Nikasimama. Ile sentensi ya kwenye kioo ilikuwa bado mdomoni, ikatoka, ila mwisho wake ukageuka. "Jina langu ni Teresia. Mimi ni mama yake Moraa. Nimempa Espoir binti yangu kwa moyo mweupe, na ninyi nyote nimewapokea." Baba Moraa akapiga meza kwa kiganja. Mama Nsimire akapiga vigelegele vya Bukavu, mimi nikajibu kwa vya Kisii, na meza ya fulana za hoki ikapiga makofi bila kujua kwa nini. Mhudumu akaleta keki ndogo yenye mshumaa. Alidhani ni siku ya kuzaliwa. Tukaila.

Nje, karibu na ngazi za treni, Moraa akanivuta mkono. Nikamwomba msamaha. Akasema ungeuliza tu, mama, ungeuliza tu. Halafu akaniegemea begani, mtu mzima mrefu kuliko mimi, nikambeba hivyo mpaka treni ikaja. Akaomba chapati zake. Nikamwambia zimeshaliwa na babake. Atapikiwa zingine.

Nina furaha. Nimeiandika ili nione jinsi inavyokaa kwenye karatasi. Inakaa vizuri.

Jumanne, 21 Oktoba

Mama Nsimire amepiga simu akiwa kazini kwake, chumba cha mifagio, ananong'ona. Anataka tushone kitambaa kimoja sisi wawili. Yeye anataka kijani. Mimi nataka zambarau. Tumebishana muda mrefu. Mwisho akasema, basi, yaya ameamua.

Hilo neno lina manufaa yake.

Jumapili, 26 Oktoba

Amekuja Husby baada ya ibada. Ameleta sombe, yaani majani ya muhogo, na samaki wa kukauka. Nimekula mara mbili. Tumezungumza kidogo kuhusu ukumbi, kidogo kuhusu Nabintu. Alikuwa na kilema cha mguu, aliimba sauti ya pili, hakupenda uongo. Nilisikiliza.

Usiku wa jana alifanya usafi hospitalini hadi alfajiri. Katikati ya sentensi kuhusu keki akasinzia kwenye kochi, kilemba kikiwa upande. Mvua inapiga dirisha. Nimemtoa miwani usoni, nimemwekea mto, nimemfunika blanketi mpaka mabegani na kuzifunga pembe zake chini ya miguu, vile mikono yangu inavyojua. Nimepunguza redio.

Baba Moraa amechungulia kutoka jikoni. Chai iko tayari, anauliza kwa kunong'ona, tumwamshe?

Nimemwambia amwache alale. Yaya wake yupo.